Herufi zinazokimbia hazifai kwenye mlango wa dispensere

LUBUMBASHI – Mtu akitoka soko la mtaa wa Kenya kuelekea katikati ya mji, ahesabu mabango. Duka la vipuri vya pikipiki: herufi nene, zimelala mbele kama mtu anayekimbia. Kinyozi: zilezile. Kanisa la maombi ya usiku: zilezile. Kwa wabadilisha dola: zilezile. Halafu dispensere, mahali ambapo mama anafika saa nane za usiku na mtoto anayetapika: zilezile tena, nyekundu juu ya njano, na chini kabisa namba ya simu ya muganga imebanwa, 3 na 8 zimefanana kama mapacha.

Hapo ndipo ubaya ulipo. Kinyozi akiandikwa hivyo, hakuna anayekufa. Dispensere ikiandikwa hivyo, kuna siku mtu atapiga simu kwa mgeni usiku wa manane, na mtoto ataendelea kutapika.

Watu wengi watasema haya ni mambo madogo. Mji hauna maji ya kutosha, umeme unakatika, barabara zina mashimo, na leo watu wanazungumza juu ya umbo la herufi? Ndiyo, kwa sababu kusimamisha namba ili isomeke hakudai mkopo wala kungoja fundi wa umeme. Kunadai tu kwamba anayelipia bango aulize swali moja kabla ya kutoa makuta yake: bango hili linataka mtu afanye nini?

Herufi ya kupiga kelele

Herufi hiyo ina sifa tatu. Ni nene. Imelala upande wa kulia, ndiyo maana inaitwa herufi ya mlazo. Na haina vijiguu, yaani vile vikucha vidogo vinavyoonekana kwenye ncha za herufi za magazeti na za Biblia. Kila sifa ilizaliwa peke yake na kwa kazi yake, muda mrefu kabla hazijakutana.

Mlazo ndio mkongwe. Ulianza Venice, Italia. Mwenye kiwanda cha vitabu, Aldus Manutius, alimtuma fundi wake Francesco Griffo achonge herufi za kufuata mwandiko wa haraka wa waandishi wa wakati ule, na mwaka 1501 vikatoka vitabu vidogo vilivyochapwa vyote kwa herufi hizo. Herufi hizo zilikuwa nyembamba na tulivu, za mtu aliyeketi anasoma. Herufi isiyo na vijiguu ilikuja Uingereza karne tatu baadaye: William Caslon wa nne aliionyesha katika kitabu chake cha vielelezo mwaka 1816, herufi kubwa tupu. Unene ulikuja na wafanyabiashara wa karne ya 19, waliotaka matangazo ya ukutani yaonekane kutoka ng'ambo ya barabara.

Baadaye sifa hizo tatu ziliungana, na matangazo yakapata silaha. Paul Renner alitoa Futura Ujerumani mwaka 1927. Miaka mingi baadaye Barbara Kruger, msanii wa Marekani aliyekuwa amefanya kazi ya kupanga kurasa za magazeti, aliichukua Futura nene ya mlazo, akaiweka nyeupe ndani ya ukanda mwekundu juu ya picha zisizo na rangi, na maneno machache tu. Maneno yake yalikuwa yanawapiga vita haohao wanaouza kila kitu kwa kelele. Kisha duka la nguo lililofunguliwa New York mwaka 1994, Supreme, likajitengenezea alama ya namna ileile: kisanduku chekundu na Futura nene ya mlazo ndani yake. Leo anayepita kwenye mitumba ya Lubumbashi atakuta fulana zenye kisanduku chekundu cha namna hiyo, za kweli na za kuiga, na vijana wanazivaa bila kuuliza zilikotoka.

Ufaransa nako kulikuwa na Roger Excoffon wa kiwanda cha Olive, Marseille. Mwaka 1951 alitoa Banco, herufi kubwa peke yake, nene, zimelala mbele kama vipande vya bati vilivyokatwa kwa mkasi. Wenye maduka wa Ufaransa waliipenda sana, wakaipachika juu ya milango yao.

Katika mifano hiyo yote jambo moja halibadiliki: herufi nene ya mlazo ilipewa neno moja, maneno mawili, sentensi fupi. Jina la duka. Kelele moja. Hakuna kati ya mafundi hao aliyeitengeneza ili mtu asome orodha ya chanjo, saa za kufungua, bei ya kujifungua na namba tatu za simu.

Kwa nini inafaa pale inapofaa

Haki itendeke. Herufi hii si mbaya. Jicho likiona kitu kimelala mbele linaona mwendo. Ndiyo maana inapendeza ubavuni mwa basi la Likasi, mgongoni mwa jezi ya mchezaji, kwenye bango la ngumi, kwenye kofia ya kampeni. Siku Mazembe na Lupopo wanapokutana, bango la mechi likiandikwa kwa herufi zilizosimama kama cheti cha ubatizo, mji utacheka, na utakuwa na haki ya kucheka.

Unene nao una kazi. Herufi nene inabeba rangi nyingi, kwa hiyo inaonekana mbali hata kama turubai limepauka kwa jua na vumbi. Kwa neno moja kubwa, hiyo ni faida.

Lakini kila unene una bei yake. Herufi haisomwi kwa wino wake tu. Inasomwa pia kwa uwazi ulio ndani yake. Tumbo la a, jicho la e, matundu mawili ya 8, mdomo ulio wazi wa 3: hayo ndiyo yanayomwambia msomaji kwamba hii si ile. Fundi akinenepesha herufi, matumbo hayo yanabanwa. Akiilaza, yanapinda. Bango likichapwa kwa mashine ya bei rahisi, wino unatanuka kidogo na kuyajaza. Vumbi la kiangazi linamalizia. Mwisho 3, 6, 8 na 9 zinabaki madoa manne yanayofanana, na msomaji anabahatisha.

Kwa jina la kinyozi kubahatisha si kitu, maana jina linajulikana mtaani. Kwa namba haiwezekani. Neno likipotea herufi moja, akili inalijaza. Namba ikipoteza umbo moja, hakuna kinachoijaza.

Nusu kijiko

Mfano uchukuliwe kipindupindu, ambacho majimbo ya Katanga ya zamani yanakijua vizuri. Dawa ya kwanza ni maji ya chumvichumvi ya kunywa, ya paketi inayotolewa kituoni. Paketi zikikosekana, familia hufundishwa kutengeneza nyumbani: maji safi litre 1, sukari vijiko 6 vidogo vya kusawazisha, chumvi ½ kijiko kidogo cha kusawazisha. Chumvi ikizidi, kinywaji kinamdhuru mtoto badala ya kumsaidia.

Sasa alama hiyo, ½, iandikwe kwa herufi nene ya mlazo. 1 imelala kulia. Mstari wa katikati nao umelala kulia, kwa sababu ndivyo ulivyo siku zote. 2 imelala kulia. Vyote vinene, vyote vinaelekea upande mmoja, vimegusana. Anayesoma kwa taa ya simu anaweza kuona 1, anaweza kuona 12, anaweza kuona doa. Mwenye bango alitaka lipendeze. Anayelipa ni mwingine.

Dawa ya shida hiyo haina gharama: kuandika «nusu kijiko» kwa maneno, kwa herufi zilizosimama, zenye unene wa kadiri. Ni maneno mawili ambayo kila mama wa Katuba anayajua.

Lori la asidi

Mfano wa pili uko barabarani. Migodi ya shaba na kobalti inakula asidi ya sulfuriki kwa wingi, na malori yanaipeleka usiku na mchana kwenye barabara ya Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Watu wa njia hiyo hawahitaji kuelezwa hatari yake. Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe kwenye barabara ya Kolwezi, lori la asidi liligongana na basi, na watu wengi walikufa.

Kwa mizigo ya namna hiyo dunia ina kibao chake cha rangi ya chungwa chenye namba mbili. Namba ya juu inasema hatari ni ya namna gani, ya chini inataja kitu chenyewe. Kwa asidi ya sulfuriki kali ni 80 juu na 1830 chini. Kwa mazuti ni 30 juu na 1202 chini. Hizo 80 na 30 zinatofautiana kwa umbo moja tu, 8 na 3, mapacha walewale wa mlango wa dispensere. Mwenye kuona 80 anajua kwamba kilichomwagika kinakula ngozi. Mwenye kuona 30 anajua kwamba kilichomwagika kinashika moto. Anayekuja kuokoa watu anahitaji kujua ni kipi kabla hajashuka kwenye gari.

Kwa hiyo walioandika sheria za Ulaya za kusafirisha vitu vya hatari hawakumwachia mchapaji achague. Walipanga kila kitu: kibao upana sentimita 40, urefu wa kwenda juu sentimita 30, namba nyeusi za urefu wa milimita 100, na unene wa mstari milimita 15. Kisha wakadai kwamba namba hizo ziendelee kusomeka hata kibao kikikaa dakika 15 ndani ya moto. Milimita 15 kwa milimita 100: huo si wembamba, wala si ule unene unaoziba matundu ya 8. Ni kipimo cha watu waliokaa wakafikiri juu ya mtu mwenye hofu anayeangalia kupitia moshi.

Lori likipita Lubumbashi na jina la kampuni limejaa ubavu mzima wa tangi kwa herufi nene za mlazo, sawa, kampuni ijitangaze. Lakini kama kibao cha chungwa kimefunikwa na matope, au namba zimeandikwa upya kwa stika zilizopatikana karibu, basi kwenye lori hilo biashara inaonekana kutoka nusu kilomita na kifo hakisomeki kutoka hatua kumi.

Mlazo wa uongo

Wenye vibanda vya kuchapia watajitetea kwamba wao wanatumia kilicho kwenye kompyuta. Ni kweli, na ndiyo sehemu ya ugonjwa. Kwenye Word ya Kifaransa kuna vitufe viwili jirani, G na I. Bonyeza G, herufi inanenepa. Bonyeza I, inalala. Mteja anaona kazi imefanyika, analipa, anaondoka.

Kinachofanyika ndani ya kompyuta ni kitu kingine. Aina mbili za herufi nene zinazopendwa sana vibandani, Impact na Arial Black, zinakuja na Windows katika umbo moja tu, lililosimama. Impact yenyewe ilichorwa na Mwingereza Geoffrey Lee mwaka 1965 kwa ajili ya vichwa vya matangazo, nene, imebanana, imesimama. Hakuna ndugu yake aliyelala ndani ya mashine. Mtu akibonyeza I, kompyuta haileti herufi nyingine. Inaisukuma ileile kwa kichwa, kama mlango uliotoka bawabu.

Matokeo yanaonekana kwa macho, bila shule. O inakuwa nzito kwenye bega la kulia juu na kwenye nyonga ya kushoto chini, na nyembamba pembe nyingine mbili. A inapata mguu wa kushoto uliokonda na mguu wa kulia uliovimba. S inaonekana kama inaanguka. Fundi wa kweli hailazi herufi halafu akaenda kulala yeye mwenyewe. Anaichora upya: anapunguza pale palipovimba, anaongeza pale palipokonda, anafungua tumbo lililofungwa. Adrian Frutiger, alipotoa Univers mwaka 1957, aliipanga kama ukoo wenye namba: 55 ya kawaida iliyosimama, 56 ndugu yake wa mlazo, 75 nene iliyosimama, 76 nene ya mlazo. Kila mmoja ana jina lake kwa sababu kila mmoja ana mwili wake.

Kuna na jambo la alama za juu. Herufi nyingi za bure zinazopakuliwa mtandaoni zilichorwa na watu wa lugha isiyo na alama hizo. Mchapaji anaandika ÉCOLE, SANTÉ au HÔPITAL, na É haimo. Kompyuta inaazima É kutoka kwa herufi nyingine, nyembamba, iliyosimama, na jina la masomo linatoka na jino moja la kigeni. Au mchapaji anaifuta kabisa alama. Anayetaka kuandika Kilingala kwa ɛ na ɔ zake ndiyo asahau. Halafu mtoto wa mwaka wa pili anayefundishwa kuandika «école» kwa alama anainua macho kwenye ukuta wa masomo yake mwenyewe, anakuta wakubwa wameshindwa.

Wanaosema «ndivyo wateja wanavyotaka»

Hoja ya kwanza ya wapinzani: herufi hiyo inavuta jicho. Ilikuwa inavuta ilipokuwa peke yake. Barabara nzima ikipiga kelele kwa sauti moja, hakuna anayesikika. Siku hizi kwenye njia kuu za Kampemba na Katuba, bango litakalovuta jicho ni lile lililosimama kimya, lenye nafasi tupu pembeni.

Hoja ya pili: raia wengi hawasomi vizuri, kwa hiyo herufi iwe kubwa na yenye nguvu. Ukubwa, ndiyo. Lakini mtu aliyejifunza kusoma ukubwani anatambua herufi moja moja, kwa maumbo aliyofundishwa na mwalimu ubaoni. Mwalimu hakumfundisha herufi iliyovimba na kulala. Anayesoma kwa shida ndiye wa kwanza kuachwa nyuma na herufi inayokimbia. Aliyesoma chuo kikuu atabahatisha na kupata. Mama wa shamba atabahatisha na kukosa, kisha ataona haya kuuliza.

Hoja ya tatu ndiyo yenye ukweli zaidi: mchapaji ni maskini, anatafuta chakula, na mteja akikataa kazi anakwenda kibanda cha jirani. Hilo halikataliwi. Ndiyo maana lawama kubwa haimwendei kijana wa kibandani. Inawaendea wanaoagiza na kulipa: wenye dispensere, viongozi wa zoni za afya, waprefe wa masomo, makampuni yenye malori, na wakubwa wa mitaa wanaogonga muhuri kwenye kila ruhusa ya bango, wakiangalia kodi tu na si maandishi.

Mji uliosahau mafundi wake

Aibu inazidi kwa sababu Kongo haikuwa nchi ya watu wasiojua herufi. Chéri Samba, ambaye picha zake leo zinaning'inia kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani, alianza Kinshasa miaka ya 1970 kwa kuchora mabango ya matangazo, na maneno hayakutoka kamwe kwenye picha zake. Lubumbashi ilikuwa na Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi katika picha zaidi ya mia moja miaka ya 1973 na 1974, na kuandika maelezo ndani ya picha kwa mkono wake, ili anayetazama ajue ni nani na ni wapi. Maneno yalikuwa sehemu ya kazi, si mapambo.

Mchoraji wa vibao wa mtaani alikuwa mwanafunzi wa shule hiyohiyo isiyo na jengo. Alipima ubao kwa kamba iliyopakwa chaki. Alihesabu herufi kabla ya kuchovya brashi. Akimaliza neno la kwanza, alivuka barabara na kuliangalia kutoka upande wa pili, kwa sababu huko ndiko mteja angesimama. Naye alijua kulaza herufi. Aliilaza kwenye baa, kwenye basi, kwenye duka la baiskeli. Lakini akiandika kibao cha daktari wa meno au cha masomo ya masista, mkono wake ulisimama wima, kwa sababu alijua tofauti kati ya kuita watu na kuelekeza watu.

Tofauti hiyo ndiyo iliyopotea. Mashine ya kuchapa turubai haikuleta ubaya kwa kuwa ni mashine. Ilileta ubaya kwa sababu iliondoa hatua moja ya kazi: ile ya kuvuka barabara na kuangalia. Kijana anaona bango kwenye kioo cha kompyuta, kwa umbali wa mkono mmoja, linang'aa. Haliangalii tena mpaka limepandishwa, na likishapandishwa mteja ameshalipa.

Kinachotakiwa

Hakuna sababu ya kungoja Kinshasa. Mambo manne yanaweza kuanza wiki hii.

La kwanza ni la wenye vituo vya afya na masomo. Jina linaweza kupambwa wapendavyo. Lakini namba za simu, saa, bei, vipimo vya dawa na tarehe za chanjo ziandikwe kwa herufi zilizosimama, zenye unene wa kadiri, na namba za simu zitengwe mbilimbili au tatutatu ili jicho lipumzike. Bango likifika, mtu asiyelijua asimame ng'ambo ya barabara jioni na kulisoma kwa sauti. Akikosea namba moja, lirudishwe kwa mchapaji.

La pili ni la vibanda. Herufi nzuri za bure zipo. Moja inaitwa Andika, na jina hilo ni neno la Kiswahili. Ilitengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma; ndani yake I kubwa, l ndogo na 1 hazichanganyiki, na ɛ na ɔ zimo. Ina unene wake na mlazo wake uliochorwa, si wa kusukumwa. Ni jambo la kushangaza kwamba herufi yenye jina la Kiswahili haionekani kwenye kuta za mji unaosema Kiswahili, na Impact ya kulazwa kwa nguvu imejaa kila kona.

La tatu ni la makampuni na la polisi wa barabarani. Kibao cha chungwa kiwe safi, namba zake ziwe za kipimo, na lori lisiloonyesha kibeba chake kwa usawa lisivuke mji. Wanaosimamisha pikipiki kwa kukosa kofia wanaweza kusimamisha tangi la asidi kwa kukosa namba.

La nne ni la wakubwa wa mitaa. Wakati wa kutoa ruhusa ya bango la dispensere, duka la dawa au masomo, waombe kuona mchoro wake, si risiti peke yake. Na pale wachoraji wa mkono wangalipo, wapewe kazi hizo kwanza. Ubao uliopakwa rangi ya mafuta unavumilia mvua na jua kuliko turubai linalopasuka, na ukipauka unarudiwa kwa brashi.

Wenye baa wasitishwe. Kinyozi aendelee na herufi zake zinazokimbia, basi la Likasi likimbie nazo, na siku ya mechi mji mzima upige kelele kwa unene wote unaopatikana. Lakini kwenye mlango ambapo mama anasimama saa nane za usiku na mtoto mgongoni, herufi zisimame pamoja naye, mpaka amalize kusoma namba.